Safari ya familia Katavi: Gari dogo la ‘fowili’ liandae kabla ya kuliinua

Mpanda. Shule zinapofungwa mwezi Juni, mvua zinakuwa zimeshaondoka Katavi. Tope limekauka, mito imepungua, na watoto wanaanza kuuliza swali lile lile: tunakwenda wapi likizo hii?

Kwa familia nyingi za Mpanda, Sumbawanga na Tabora, jibu limekuwa rahisi kuliko ilivyokuwa kwa wazazi wao. Lami ya Tabora hadi Mpanda imefupisha siku, na ile ya Mpanda hadi Sitalike imeisogeza Hifadhi ya Taifa ya Katavi karibu na nyumbani. Magari madogo ya kuvuta kwa matairi yote manne, maarufu ‘fowili’, kama Suzuki Escudo, Toyota RAV4, Daihatsu Terios, Nissan X-Trail na Suzuki Jimny, nayo yamekuwa mengi mitaani. Yameingia nchini yakiwa yametumika Japani, na leo ndiyo yanayopeleka watoto shule, mama sokoni na baba shambani.

Shida huanza pale mwenye gari anapotaka kulitoa barabarani na kuliingiza porini. Gereji zinamwambia aliinue, aweke matairi makubwa, ngao ya chuma mbele, keria juu na taa nne za ziada. Picha za mitandaoni zinamwambia hivyo hivyo. Akimaliza, gari linapendeza, mfuko umetoboka, na Januari yenye ada inamsubiri. Je, familia iliyokaa ndani ya gari hilo imekuwa salama zaidi?

Mara nyingi hapana. Nguvu kubwa ya gari dogo porini ni wepesi wake. Kila kilo inayoongezwa kwa jina la kuliboresha inaupunguza wepesi huo. Mzazi mwenye fedha kidogo ana mambo ya kufanya kwanza, na mengi hayaonekani kwenye picha.

Lijue gari lako kwanza

Magari haya yanafanana kwa umbo, lakini chini hayafanani. Yapo ya aina moja na jina moja ambapo moja linavuta kwa matairi yote na jingine linavuta kwa matairi ya mbele tu. RAV4 na X-Trail zipo za namna zote mbili. Usiamini maandishi ya nyuma ya gari. Piga magoti uchungulie chini: kama hakuna propela inayokwenda nyuma na difu katikati ya matairi ya nyuma, hilo ni gari la mbele tu, hata likipanda juu kiasi gani.

Yale yanayovuta kwa matairi yote nayo yamegawanyika. Jimny, ambalo Suzuki ilianza kulitengeneza mwaka 1970, lina chasi ya ngazi, ekseli ngumu mbele na nyuma, na gia nzito ya porini. Escudo, ambalo nje ya Japani hujulikana pia kwa jina la Grand Vitara, lipo lenye gia nzito na lisilo nayo. Ukiona kitufe au rungu lenye alama ya 4L, basi unayo. Terios nyingi huvuta kwa matairi yote muda wote na zina kitufe cha kufunga difu ya katikati. RAV4 za kuanzia kati ya miaka ya 2000 huendeshwa zaidi na matairi ya mbele, na kompyuta ndiyo inayopeleka nguvu nyuma mengine yanapoteleza. Kitufe chake cha LOCK hujiachia chenyewe gari likizidi mwendo wa km 40 kwa saa.

Mzazi anahitaji kuyajua haya kwa sababu yanaamua gari litakwenda wapi. Lenye gia nzito linaweza kushuka mteremko wenye mawe likiwa linatambaa, breki zikipumzika. Lisilo nayo litatumia breki njia nzima, zitapata moto, na zinaweza kuisha nguvu wakati zinahitajika zaidi. Hakuna taa wala ngao inayoweza kuziba pengo hilo.

Kama gari lina kifunga difu au gia ya 4L, jizoeze kuitumia kwenye uwanja wa vumbi kabla ya safari. Dereva anayesoma kitabu cha gari akiwa tayari ndani ya tope, watoto wakilia nyuma, amechelewa. Pia usifunge difu ya katikati kwenye lami kavu. Gari litakaza kwenye kona na utaharibu vyuma.

Matairi kabla ya kitu kingine chochote

Fedha ya kwanza iende kwenye matairi. Ndiyo sehemu pekee ya gari inayogusa ardhi, na katika mkoa wenye changarawe kali, visiki na udongo mweusi, ndiyo inayofeli mapema.

Matairi yanayofaa ni yale ya mchanganyiko, yenye meno ya wastani na ubavu mgumu. Matairi ya tope yenye meno makubwa yana kelele, hula mafuta, na kwenye lami yenye maji hushika vibaya. Kwa familia inayokwenda lami kwa siku nyingi za mwaka na porini kwa wiki moja, hayafai.

Kabla ya kulipia, tazama ubavuni kwenye herufi DOT. Tarakimu nne za mwisho ni wiki na mwaka wa kutengenezwa. Ukisoma 2319, tairi hilo lilitengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi la mtumba linaweza kuwa na meno mazuri huku mpira wake umezeeka na una nyufa ndogo. Likipata joto la mwendo mrefu, linapasuka.

Kosa jingine la kawaida ni kununua mawili mapya na kuacha mawili yaliyochakaa. Kwenye gari linalovuta kwa matairi yote muda wote, tofauti ya ukubwa inalazimisha difu na viungo vya katikati kufanya kazi isiyoisha. Akiba ya matairi mawili inaweza kuishia kwenye kununua giaboksi. Tairi la spea nalo liwe la ukubwa ule ule.

Wengi huongeza ukubwa wa tairi ili gari lipande. Hesabu yake ni hii: ukitoka 225/70R16 kwenda 225/75R16, kipenyo kinaongezeka kwa milimita 22 na ushee, na gari linapanda nusu yake tu, yaani milimita 11. Wakati huo huo dashibodi inaanza kukudanganya. Ikisoma 80, gari liko karibu 82.5. Kwa ongezeko dogo hilo hakuna tatizo. Ukizidi hapo, tairi linaanza kugusa bodi kwenye kona, injini inalemewa na breki zinahitaji nguvu zaidi.

Kinachosaidia kuliko ukubwa ni upepo. Gari la psi 30 kwenye lami linaweza kushushwa hadi 26 kwenye changarawe ndefu, na tairi litalala vizuri na kupunguza mtikisiko. Kwenye mchanga laini, kama ule wa ufukwe wa Ziwa Tanganyika kule Karema na Ikola, 18 hadi 20 hulitoa gari mahali ambapo koleo limeshindwa. Sharti ni kwenda polepole na kurudisha upepo kabla ya kukimbia tena. Kwa hiyo pampu ndogo inayotumia umeme wa gari na kipimo cha upepo vina thamani kuliko taa nne za mbele.

Kuinua gari: Sentimita tatu zina gharama

Magari haya mengi yana nafasi ya karibu sentimita 20 kati ya ardhi na sehemu yao ya chini kabisa. Kwa barabara nyingi za Katavi wakati wa kiangazi, hizo zinatosha. Tatizo ni kwamba gari lililopakiwa limeshuka, na springi zilizochoka zimelishusha zaidi. Mwenye gari anaona tumbo linagusa, anadhani gari ni fupi.

Kabla ya kuinua, pima. Weka gari tupu sehemu iliyo sawa, pima kutoka katikati ya tairi hadi ukingo wa bodi juu yake, kila kona. Kisha pakia familia na mizigo, upime tena. Nyuma ikishuka sana, tatizo ni springi na shokapu. Kuweka springi mpya zenye nguvu kidogo zaidi, na shokapu zinazoendana nazo, kutarudisha urefu uliopotea na gari litatulia barabarani.

Vipande vya kuinulia vinavyowekwa juu ya springi ni rahisi, na kwa sentimita mbili au tatu vinavumilika. Zaidi ya hapo, shafu za mbele zinakaa kwa pembe kali, buti za mpira zinachanika, grisi inatoka na viungo vinakufa. Alaimenti nayo inaharibika na matairi mapya yanaliwa upande mmoja. Gari lililopanda pia linayumba zaidi dereva anapokwepa ng’ombe ghafla. Barabara za Katavi zina ng’ombe wengi, baiskeli nyingi, na mara nyingine wanyama wa porini. Kwa mzazi, gari lisilopinduka ni muhimu kuliko gari lililo juu.

Fundi akikuinulia gari, hakikisha alaimenti imefanyika siku hiyo hiyo, na mabomba ya breki hayakuvutika. Mjulishe pia kampuni ya bima. Badiliko lisiloandikwa linaweza kuwa hoja ya kukunyima fidia siku ya ajali.

Yanayofanyika chini ya gari

Kuna kazi nne ndogo zenye faida kubwa Katavi.

Ya kwanza ni bamba la chuma la kukinga sampo na giaboksi. Magari mengi ya mjini yana kingio la plastiki tu. Jiwe moja likipasua sampo, oili inamwagika, na dereva asiyeona taa ya oili kwa wakati anapoteza injini. Bamba liwe na tundu la kumwagia oili na nafasi ya hewa, lisije likaongeza joto.

Ya pili ni wavu mwembamba mbele ya rejeta. Mwezi Mei na Juni nyasi za Katavi bado ndefu na zina mbegu. Mbegu hujaa kwenye rejeta, hewa haipiti, na gari linachemka. Wavu unatolewa na kukung’utwa kila mnaposimama.

Ya tatu ni kuchungulia chini kila baada ya kupita njia yenye nyasi. Nyasi kavu zikikusanyika karibu na bomba la moshi zinaweza kushika moto. Beba kizima moto kilicho hai, kikae pale mkono wa dereva unapofika.

Ya nne ni mpira wa kupumulia wa difu. Difu ikipata joto la safari kisha ikazama kwenye maji baridi, hewa ndani yake inasinyaa na kuvuta maji. Kuongeza mpira mwembamba na kuupandisha juu ya bodi ni kazi ya muda mfupi gereji. Baada ya kuvuka maji, oili ya difu ikitoka na rangi ya chai ya maziwa, ibadilishwe mara moja.

Bomba la kuvutia hewa linalopandishwa hadi juu ya kioo linapendwa sana. Linasaidia kwenye vumbi, na injini inavuta hewa safi zaidi. Lakini haligeuzi gari kuwa mtumbwi. Vyombo vya umeme bado viko chini, na maji ya kasi husukuma bodi ya gari, hayajali injini inapumulia wapi.

Hesabu ya mzigo ambayo wengi hawaifanyi

Gari dogo la aina hii kwa kawaida linaruhusiwa kubeba kati ya kilo 400 na 500, watu wakiwemo. Tazama kitabu cha gari lako, kisha fanya hesabu kama hii.

Baba kilo 80, mama 70, watoto watatu kwa pamoja 105: jumla 255. Mabegi na chakula kilo 60. Maji lita 40, ni kilo 40. Spea ya pili kilo 20. Keria ya chuma 25. Bamba la chini 15. Dumu la mafuta la lita 20, karibu kilo 15. Jumla ni kilo 430. Gari limeshajaa, na bado hamjaweka hema.

Sasa fikiria safari ya kurudi. Mmepita bonde la Mpimbwe, na mchele wa huko hauachwi. Gunia moja la kilo 100 linafikisha mzigo kilo 530. Ukiongeza dumu la asali ya Inyonga au migebuka ya Karema, springi zinalala, breki zinachelewa na matairi yanachemka. Gunia litumwe kwa basi. Nauli ya gunia ni ndogo kuliko shokapu mbili.

Juu ya paa, mwiko ni mkali zaidi. Kwa mengi ya magari haya watengenezaji huruhusu kilo 50 hadi 75 tu, keria yenyewe ikiwemo. Kilicho juu kiwe chepesi: hema, magodoro, nguo. Spea, maji na vyuma vikae chini, karibu na siti ya nyuma. Ngao nzito ya chuma mbele ya bampa nayo ifikiriwe mara mbili. Inalemea springi za mbele, inaweza kuvuruga kazi ya mifuko ya hewa, na ikimgonga mtembea kwa miguu humuumiza zaidi.

Dumu la mafuta lisikae ndani pamoja na watoto. Mvuke wake unaumiza kichwa na unawaka. Kwa safari nyingi za mkoa huu, kujaza tangi Mpanda na kulijaza tena kila palipo na kituo cha uhakika kunatosha.

Watoto ndani ya gari

Buti si siti. Mazoea ya kutandika godoro nyuma ili watoto wawili wajilaze yanaonekana kama upendo, lakini gari likigongwa kwa nyuma, wao ndio wa kwanza. Likipinduka, hawana kinachowashika. Kama watoto hawatoshi kwenye siti zenye mikanda, basi familia haitoshi kwenye gari hilo, na mmoja apande basi.

Mtoto mdogo akae kwenye kiti chake maalumu, siti ya nyuma. Magari mengi ya kuanzia kati ya miaka ya 2000 yana ndoano za ISOFIX zilizofichwa kati ya mgongo na kalio la siti. Mtoto mchanga asiwekwe kamwe mbele, mgongo wake ukielekea mfuko wa hewa unaofanya kazi. Jeki, spana, koleo na madumu yafungwe kwa mikanda au wavu. Jeki isiyofungwa huruka kama jiwe gari linaposimama ghafla.

Katavi ina jambo jingine la pekee: mbung’o, ambao wengi huku huwaita ndorobo. Wanafuata vitu vikubwa vinavyotembea, na gari ni kimoja. Wanang’ata hata kupitia nguo, na wanaweza kueneza malale. Kwa hiyo vioo vitafungwa kwa saa nyingi, kwenye joto, na watoto ndani. Hapo kiyoyozi kinakuwa kifaa cha usalama. Fedha ya taa za ziada ikitumika kujaza gesi ya kiyoyozi na kubadilisha chujio lake, nyumba nzima itashukuru.

Wavalishe watoto nguo nene kidogo za rangi ya kaki au nyepesi. Epuka bluu na nyeusi, kwani hizo ndizo rangi za vitambaa vinavyotumiwa kwenye mitego ya mbung’o. Mtoto akipata homa wiki chache baada ya safari, mwambie mganga kwamba alikuwa eneo la mbung’o. Asidhani ni malaria tu.

Kuhusu vumbi, washa feni ikivuta hewa ya nje, vioo vikiwa vimefungwa. Msukumo wa hewa kutoka ndani huzuia vumbi kupenya kwenye mpira wa mlango wa nyuma. Mkipishana na lori, geuza hewa izunguke ndani kwa dakika moja, kisha rudisha.

Barabara, tope na maji

Mkoa wa Katavi ulianzishwa mwaka 2012 kwa kumegwa kutoka Rukwa, na una msimu mmoja mrefu wa mvua, kuanzia Novemba hadi Aprili. Hapo ndipo ratiba ya shule inapomtega mzazi. Likizo ya Desemba, yenye sikukuu na ndugu wa kutembelea, inaangukia kwenye tope. Likizo ya Juni inaangukia kwenye ukavu. Kama kuna safari moja ya porini kwa mwaka, iwe ya Juni.

Udongo mweusi wa mbugani ni adui anayejificha. Ukiwa mkavu ni mgumu kama saruji. Ukilowa hunata kwenye tairi, hujaza meno yote, na gari huteleza kama liko juu ya sabuni. Hapo hata fowili yenye kila kitu inakwenda inakotaka yenyewe. Mvua ikinyesha usiku, njia ya jana si njia ya leo. Kusubiri saa kadhaa za jua ni bora kuliko kusukuma siku nzima.

Kwenye maji, kanuni inayofundishwa kote duniani ni kushuka na kupima kwa mguu kabla ya gari kuingia. Katavi kanuni hiyo inaweza kuua. Mto Katuma na mabwawa yake yana viboko na mamba, na ndani ya hifadhi hairuhusiwi kushuka ovyo kwenye gari. Usipoona chini, na hakuna gari lililotangulia mbele yako, geuza.

Kina salama kwa magari haya ni kisichozidi nusu ya tairi, na maji yakiwa yametulia. Maji yanayokimbia yenye kina cha sentimita 30 tu yanaweza kuanza kulielea gari dogo, na sentimita 60 hubeba hata makubwa. Injini ikivuta maji, pistoni hukutana na kitu kisichobanika, na kono lake hupinda. Ikizimika ndani ya maji, usiiwashe tena.

Sehemu ya barabara kuu ya Sumbawanga inayopita ndani ya hifadhi, kati ya Kibaoni na Sitalike, kwa miaka mingi imekuwa ya changarawe. Mawimbi madogo yake humfanya dereva akimbie ili yasisikike. Kweli mtikisiko unapungua, lakini matairi yanakuwa hewani nusu ya muda, na breki na usukani havina pa kushika. Shusha upepo kidogo, shusha mwendo, na uache nafasi ya vumbi kati yako na gari la mbele. Usiku usisafiri. Kiboko huacha maji jioni kwenda malishoni, na rangi yake haionekani mpaka umfikie.

Mkikwama

Kabla ya kukanyaga mafuta, acha. Tairi linalozunguka bila kusogea linajichimbia kaburi. Shusha upepo, chimba mbele ya kila tairi kwa koleo, weka mbao mbili au vibao vya plastiki vya kunasulia, kisha toka taratibu ukirudi ulikotokea. Njia uliyojia unaijua, iliyo mbele huijui.

Mkivutwa na gari jingine, fungeni kamba kwenye ndoano halisi ya kuvutia, ile ya kuskuruu inayohifadhiwa pamoja na jeki. Baadhi ya magari yana vishikio chini ambavyo viliwekwa kwa ajili ya kulifunga gari melini, na havikutengenezwa kwa kuvutia. Kikikatika, chuma kinaruka kama risasi. Watoto na watazamaji wasimame mbali, zaidi ya urefu wa kamba yenyewe, na pembeni. Ndani ya hifadhi, wabaki ndani ya gari na mwite askari wa hifadhi.

Mitandao ya simu hukatika katika maeneo mengi ya pori. Kabla ya kuondoka, mwachie ndugu aliyebaki nyumbani njia mtakayopita, saa ya kufika, na saa ambayo asiposikia chochote aanze kupiga simu. Karatasi hiyo haina bei, na ndiyo kifaa pekee kinachofanya kazi gari likishindwa kabisa.

Anza na safari fupi

Safari ya kwanza isiwe ya wiki. Mpanda hadi Sitalike ni chini ya km 40 za lami, na viboko wa Mto Katuma huonekana pale pale karibu na kijiji na lango la hifadhi. Ni safari ya kutwa. Itakuonyesha kama kiyoyozi kinafanya kazi, nani anatapika, na nini kilisahaulika.

Safari ya pili iwe ndani ya hifadhi, mwezi Juni au baadaye. Hifadhi hii ilianzishwa mwaka 1974, na baada ya kupanuliwa mwaka 1998 ina zaidi ya km za mraba 4,400. Watoto walio chini ya miaka mitano hawalipi kiingilio, na wa miaka 5 hadi 15 hulipa pungufu ya mtu mzima. Gari hulipiwa kulingana na uzito wake. Uliza langoni hali ya njia za Katisunga na Ziwa Chada kabla ya kuingia, na usiache njia. Kuendesha nje ya njia kumekatazwa.

Safari ya tatu inaweza kuwa Karema, zaidi ya km 100 kuelekea Ziwa Tanganyika, gari likiwa limekwisha jaribiwa mara mbili na watoto wameshaizoea safari.

Kabla ya kila moja, wazazi wakubaliane jambo moja sebuleni: yeyote kati yao akisema “turudi”, gari linageuka bila mabishano. Tope litakauka, na viboko wa Katuma watakuwepo Juni ijayo.